Misimu Sita ya Ndanda

Mpira wa miguu una wanahistoria wengi vijiweni na wachache mno vitabuni. Mkamate kijana yeyote pale stendi ya Nachingwea umuulize Yanga ilianzishwa lini. Atakujibu 1935 kabla hujafunga mdomo, na Simba atakwambia 1936, halafu atakuongezea na ubishi juu yake. Lakini hebu muulize habari za timu zilizopanda ligi kuu, zikakaa misimu michache, kisha zikashuka na kusahaulika. Hapo atakuna kichwa. Atasema, "Aa, ile ilikuwepo bwana," basi. Kuwepo tu ndiyo historia yake yote!

Ndugu msomaji, mimi historia ya namna hiyo hainitoshi. Klabu iliyokaa muda mfupi nayo ilikuwa na mashabiki waliolia, wachezaji waliodai mishahara, na viongozi waliokopa nauli. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze habari za Ndanda FC ya Mtwara, iliyopanda ligi kuu ya Tanzania Bara mwaka 2014 na kushuka mwaka 2020. Misimu sita tu. Kwa maoni yangu haikuangushwa na miguu ya wachezaji wake. Iliangushwa na kitu kingine, na kitu hicho hakijaondoka kusini. Kipo, kimekaa kinasubiri timu nyingine.

Mimi ni mtu wa Lionja, wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kwa hiyo Ndanda haikuwa timu ya wilaya yangu wala ya mkoa wangu. Ukilitaja jina hilo mbele ya mzee wa kwetu, yeye anafikiria Ndanda ya Masasi, ya misheni na hospitali ya Wabenediktini, mahali tunapopelekwa tukiugua sana. Timu yenyewe ilikuwa inacheza Mtwara mjini, uwanja wa Nangwanda Sijaona. Lakini miaka ile Lindi nzima hatukuwa na timu ligi kuu. Asiye na lake hushika la jirani. Tukaishika Ndanda.

Kabla sijafika uwanjani, naomba nirudi nyuma kidogo, maana kusini tuna mazoea na mambo makubwa yanayokuja kwa kishindo na kuondoka kimya kimya. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakafyeka pori, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kutoka huko mpaka Nachingwea. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36 na mpango ukafa. Reli nayo ikakosa cha kubeba, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Kilichobaki ni majina. Shamba namba 17 likaja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa Frelimo, na mpaka leo watu wanaliita Farm 17, kwa namba ileile ya karanga. Wazee wetu walifundishwa mapema kwamba kitu kikiletwa na mtu wa mbali kwa hesabu zake za mbali, siku hesabu zikigoma anakuja kukichukua.

Sasa njoo mwaka 2013. Gesi ilikuwa imegunduliwa, na habari zikaja kwamba itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwezi wa Mei Mtwara ikawaka. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Sitaki kuyafukua yote, ila nataka msomaji aone hali ya mioyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wanaona kila kitu chao kinaondoka: korosho inakwenda kubanguliwa ng'ambo, gesi inakwenda Dar, vijana nao wanafuata hukohuko kuuza maji kwenye foleni.

Mwaka mmoja baadaye Ndanda ikapanda daraja. Hapa kulikuwa na kitu kinachokuja badala ya kuondoka. Simba atakuja Mtwara. Yanga atakuja Mtwara. Azam, mabingwa wa msimu uliokuwa umekwisha, watalala Mtwara na kula samaki wa Mtwara. Timu ikapewa jina la Wana Kuchele, na kuchele kwa watu wa kule ni kumekucha.

Mechi ya kwanza ilichezwa Septemba 2014, ugenini Shinyanga, dhidi ya Stand United. Nao Stand walikuwa wageni wa ligi, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi. Ndanda ikashinda 4-1. Nne! Tena katika mechi ya kwanza kabisa, mbele ya wenyeji. Redio zikatangaza, na kuna watu waliodhani mtangazaji amekosea kupanga majina. Timu tatu zilikuwa zimepanda pamoja msimu ule: Ndanda, Stand United na Polisi Morogoro. Naomba uyashike majina hayo matatu, tutayarudia.

Ushindi wa siku moja haulipi nauli ya msimu. Tazama ramani. Mtwara iko kwenye kona ya nchi, ukisogea kidogo umeingia Msumbiji. Timu ya Dar inaweza kucheza mechi kadhaa za ugenini bila kulala nje ya nyumba yake. Ndanda, mechi ya ugenini iliyokuwa karibu, kama siyo Songea, ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kwenda kucheza na Kagera Sugar kule Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,500, kwenda tu. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, na tunashukuru, maana kabla ya hapo kulikuwa na kivuko na maombi. Lakini daraja halilipi mafuta ya basi, wala chakula cha wachezaji 20 na viongozi wao.

Msimu huo wa kwanza, wa 2014/15, ligi ilikuwa na timu 14, kwa hiyo kila timu ilisafiri mara 13. Siku ya mwisho, Mei 2015, Yanga walikuja Nangwanda Sijaona wakiwa tayari ni mabingwa. Ndanda wakawafunga 1-0. Msimu ukaisha Ndanda iko salama, na walioshuka walikuwa Ruvu Shooting na Polisi Morogoro. Katika yale majina matatu, moja likawa limekwisha.

Mtu wa mbali atasema Yanga walikuwa wameshalewa ubingwa, hawakucheza kwa nguvu. Mimi namjibu kwamba bao ni bao, na pointi tatu hazina hadithi nyuma yake. Huku kwetu ile ilikuwa sikukuu. Wakubwa walikuja mpaka mlangoni petu wakafungwa mlangoni petu, na neno mlangoni ndilo kubwa kuliko yote katika habari hii.

Kwa sababu mwaka uliofuata, Mei 2016, Ndanda ilikuwa icheze tena na Yanga, na Ndanda ndiyo mwenyeji. Mechi haikuchezwa Mtwara. Ilipelekwa Dar es Salaam, uwanja wa Taifa, na siku hiyo ndiyo Yanga walikabidhiwa kombe. Ikaisha 2-2. Kwenye karatasi Ndanda walikuwa nyumbani. Kwenye majukwaa walikuwa ugenini kama walivyokuwa Bukoba.

Hesabu yake si ngumu kuielewa. Uwanja wa Taifa unaingiza watu 60,000, na siku ya kombe la Yanga ni siku ya viingilio. Nangwanda Sijaona si wa namna hiyo. Klabu yenye madeni ikiambiwa ichague kati ya heshima na mshiko, inachagua mshiko, tena bila kulala usingizi. Nilipomweleza mjomba wangu, ambaye mpira anaujua kwa redio tu, nilikuwa nimechukia kwelikweli.

"Shikamoo mjomba. Umesikia? Wameuza mechi ya nyumbani."

"Marahaba mpwa wangu. Mtu akiuza mlango wa nyumba yake ili anunue unga, usimcheke. Kaulize njaa ilimfikaje."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Njaa iliifikaje Ndanda? Tena ilikuwa klabu ya ligi kuu, yenye wachezaji wa kulipwa, yenye kuonekana kwenye televisheni!

Jibu langu ni hili. Ndanda haikuwa na kitu chake ambacho mtu hawezi kukihamisha. Uwanja haukuwa wake. Duka, shamba, hosteli, au hata basi la kudumu la kujivunia, sikuwahi kulisikia. Mapato yake yalikuwa ya kupewa: kidogo cha mdhamini wa ligi, kidogo cha televisheni, kidogo cha mlangoni Simba au Yanga wakija, na michango ya watu wenye mapenzi. Fedha zote hizo zinaamuliwa na mtu mwingine, mahali pengine. Ni reli ileile ya karanga. Anayeiweka si wewe, na anayeing'oa si wewe.

Na ligi ikawa inakua. Kutoka timu 14 ikawa 16, na msimu wa 2018/19 ikawa na timu 20. Kwa wakubwa hilo ni jambo jema, mechi nyingi, viingilio vingi. Kwa Ndanda, safari 13 zikawa 19. Msimu huohuo ligi ikachezwa bila mdhamini mkuu, kwa sababu mkataba wa Vodacom ulikuwa umekwisha na mwingine haukupatikana mpaka mwaka 2019. Safari zimeongezeka, nauli imepungua! Na kana kwamba hayo hayatoshi, msimu huohuo korosho ikaharibika soko. Wanunuzi walileta bei ndogo, wakulima wakagoma, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuibeba. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo waliosubiri malipo mpaka mwaka wa pili. Msomaji wa mjini anaweza kuuliza korosho inahusu nini kwenye kabumbu. Inahusu, ndugu yangu. Kusini korosho ndiyo mshahara. Korosho ikikwama, harusi zinakwama, jando linakwama, ada zinakwama. Kiingilio cha mpira na mchango wa timu vitatoka wapi?

Hata hivyo Ndanda ilipigana. Septemba 2018 Simba, bingwa mtetezi, alikuja Nangwanda Sijaona akaondoka na sare ya 0-0. Majimaji ya Songea ilikuwa imeshashuka mwaka huohuo wa 2018, pamoja na Njombe Mji. Kwa hiyo msimu wa 2018/19 kona yote ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ilibakiwa na Ndanda peke yake. Ikabaki. Walioshuka mwaka 2019 walikuwa African Lyon na Stand United, wale wapiga debe waliofungwa nne siku ya kwanza. Jina la pili likawa limekwisha.

Ndipo ukaja msimu wa 2019/20, na hapa historia inatuchezea mchezo. Mwaka uleule Namungo ya Ruangwa, majirani zetu kabisa, ikapanda ligi kuu. Lionja mtu anakwenda Ruangwa na kurudi bila kumwambia mtu kwamba amesafiri. Tukawa na timu mbili za kusini zinazokutana kwenye ligi: moja yenye misimu mitano mgongoni imechoka, nyingine mpya, ina uwanja unaoitwa Majaliwa na mlezi ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi, Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa. Machi 2020 ligi ikasimama kwa ajili ya korona, ikarudi Juni, ikaisha Julai. Namungo wakamaliza nafasi ya nne. Ndanda ikashuka.

Msimu ule ulikuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 kwenda 18. Zikashuka tano kwa mpigo: Ndanda, Singida United, Lipuli, Alliance, na Mbao iliyoangukia kwenye mechi za mtoano. Jina la tatu likawa limekwisha. Wote watatu waliopanda pamoja mwaka 2014 walikuwa nje, na hadi msimu wa 2024/25 Ndanda haikuwa imerudi ligi kuu.

Jambo linaloniuma zaidi lilitokea baada ya hapo. Mei 2021, mwaka haujatimia, Azam wakasaini mkataba wa kuonyesha ligi kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha ambazo Ndanda ilizitafuta misimu sita zilifika ikiwa imeshatoka. Ni kama mtu aliyelinda shamba mwaka mzima, nguruwe wakamshinda wiki moja kabla ya mavuno.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Ndanda pekee ndiyo ilionewa. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda ikachukua ubingwa wa Bara mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza, na mwaka uliofuata ikashuka. Singida United ilipanda mwaka 2017 kwa mbwembwe, ikamchukua kocha Hans van der Pluijm aliyetoka Yanga, ikaleta wachezaji wa Zimbabwe na Rwanda, ikafika fainali ya kombe la shirikisho mwaka 2018 na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar pale Arusha. Mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, naye mtu mzito serikalini. Mwaka 2020 ikashuka pamoja na Ndanda. Baadaye Singida ilipata timu tena, lakini kwa njia nyingine: DTB iliyopanda mwaka 2022 ikageuzwa jina kuwa Singida Big Stars, na mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali nayo ikahamishwa ikawa Singida Black Stars. Watu wa Singida wakashangilia, na ni haki yao. Lakini mtu wa Mbarali aliamka asubuhi akakuta timu aliyoipigia ngoma imeondoka kama samani kwenye lori.

Kwa hiyo ukiniuliza klabu ya muda mfupi ni ipi, sitakuhesabia misimu. Nitakuuliza kama inaweza kuhamishwa. Kama inaweza kupakiwa ikapelekwa mkoa mwingine, jina likabadilishwa na mechi zikaendelea, basi hiyo ni ya muda mfupi hata ikikaa miaka 20.

Ndiyo maana ninaitazama Namungo kwa furaha yenye hofu. Furaha, kwa sababu vijana wale walifanya makubwa. Agosti 2020 walicheza fainali na Simba kule Sumbawanga, wakafungwa 2-1, lakini wakapata tiketi ya Afrika. Februari 2021 walikwenda Angola, wakazuiwa Luanda kwa mambo ya korona, mechi zote mbili na Primeiro de Agosto zikaletwa Dar es Salaam. Wakashinda ya kwanza 6-2, wakafungwa ya pili 3-1, wakapita kwa jumla ya 7-5 na kuingia makundi ya kombe la shirikisho la Afrika. Timu ya Ruangwa ikakaa kundi moja na Raja Casablanca na Pyramids ya Misri! Walipoteza mechi zao huko, sawa, lakini nani kusini aliwahi kuota hata kuzipoteza?

Hofu, kwa sababu mlezi ni mtu, na mtu ana majira. Mwaka 2025 Majaliwa alitangaza kutogombea tena ubunge wa Ruangwa. Ametumikia, amepumzika, hakuna wa kumlaumu. Swali ni la watu wa Ruangwa na sisi majirani: baada ya mlezi, mtoto anasimama na nini? Ana wanachama wanaolipa ada, hata kama ni ya korosho kilo mbili kwa mwaka? Ana mradi wake? Ana timu ya watoto inayofundishwa Ruangwa, ili hata siku akishuka abaki na watu wa kupanda nao?

Na lipo moja linalotuhusu sisi wa kalamu. Ndanda ilipigwa picha, ikatangazwa redioni, ikaandikwa kwenye kurasa za nyuma za magazeti, na magazeti yale yakafungiwa maandazi. Sisi wenye ndoto za kuandika riwaya tunahangaika kutafuta visa vya Nairobi na London, wakati kisa cha watu 20 ndani ya basi kutoka Mtwara hadi Bukoba, na mshahara wa miezi haujalipwa, kimelala hapa hapa. Wachezaji wa 2014 wako hai. Dereva yuko hai, mpishi yuko hai, mama aliyeuza karanga getini siku Yanga anafungwa yuko hai, na anakumbuka aliuza visado vingapi. Mwenye daftari aende akawaulize sasa. Na walioko Ruangwa waanze leo kuandika ya Namungo, tangu nauli mpaka mabao, timu ikiwa bado iko ligi kuu na wahusika bado wanapita barabarani kila asubuhi.